Rubani wa mizigo na kamera yake: namna ya kusoma picha za Hump, na hao jamaa walienda wapi vita ilipoisha

Kuna albamu za vita ya pili ya dunia ambazo ukizifungua hukuti bunduki hata moja. Unakuta mapipa ya petroli, tembo, mlima una theluji, watoto wamesimama pembeni ya uwanja, halafu ndege imepaki kwenye matope na jamaa wawili wamevaa makoti ya ngozi wanacheka. Nyingi ni za marubani wa ndege za mizigo, na leo nataka niongelee kundi moja tu, wale waliokuwa wanaruka kati ya India na China kuanzia 1942 mpaka 1945, njia ambayo wenyewe waliipa jina la Hump, yaani Nundu, kwa sababu ya milima iliyokaa katikati.

Nimeziangalia hizi picha kwa miaka sasa na kila nikimwonyesha mtu anauliza maswali yaleyale, mbona hakuna vita humu, mbona kila siku jua linawaka, huyu alikuwa mwanajeshi au mfanyakazi wa kampuni, na vita ilipoisha aliendelea na nini. Maswali mazuri kabisa, na majibu yake yameshikana, ukijibu moja unajikuta umeshaingia kwenye lingine, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza kwa nini hiyo njia ilikuwepo. China ilikuwa vitani na Japani tangu 1937 na bandari zake karibu zote zilishachukuliwa, mlango uliobaki ulikuwa Burma, Myanmar ya leo, mizigo inashuka Rangoon, inapanda treni mpaka Lashio, halafu inaingia kwenye malori kuelekea Kunming, kusini magharibi mwa China. Machi 1942 Rangoon ikaanguka, mwisho wa Aprili Lashio nayo ikaanguka, mlango umefungwa. Ikabaki hewani tu. Ndege zinaondoka bonde la Assam kaskazini mashariki mwa India, sehemu kama Dinjan na Chabua, zinavuka milima mpaka Kunming, kama kilomita 800 hivi. Mia nane si mbali, tatizo ni kilichopo chini yake. Ilikuwa lazima upande juu ya futi 15,000, na hali ya hewa ikichafuka unapanda zaidi ya hapo, yaani unakaribia usawa wa kilele cha Kibo ukiwa umekaa ndani ya bati ambalo halina mfumo wa kushikilia hewa, baridi inaingia kila upenyo, oksijeni unavutia kwenye barakoa, na nyuma yako kuna mapipa ya petroli. Unafika, unashusha, unarudi, kesho tena.

Mpaka inaisha walikuwa wamevusha kama tani 650,000. Karibu ndege 600 zilipotea na watu zaidi ya 1,600 walikufa au hawakuonekana tena. Marubani walikuwa wanasema siku ya anga safi unaweza kuifuata njia kwa kuangalia mabaki ya ndege yanavyong'aa huko chini kwenye miteremko.

Sasa hapa kuna kitu kinachanganya watu sana. Siyo kila rubani wa Hump alikuwa mwanajeshi. Kulikuwa na makundi mawili. La kwanza ni CNAC, hiyo ilikuwa kampuni ya ndege ya kiraia ya China ambayo Pan American ya Marekani ilikuwa na hisa ndani yake, na hawa ndo waliotangulia kuruka njia ile mwaka 1942 kabla jeshi halijajipanga vizuri. Marubani wake walikuwa Wamarekani, Wachina, Wachina waliozaliwa au kukulia Marekani, Waaustralia na wengine, waliajiriwa kwa mkataba na kulipwa kwa masaa waliyoruka. La pili ni jeshi la Marekani lenyewe, kitengo cha usafirishaji wa anga, ambacho baadaye kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko CNAC. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "baada ya vita akaingia kwenye urubani wa kiraia", kwa mtu wa CNAC hiyo kauli haijakaa sawa, yeye alikuwa raia muda wote, alikuwa anafanya kazi ya uraia katikati ya vita na akifa anakufa kama raia. Kwenye picha unawatofautisha kwa ndege zao, ndege ya CNAC ina herufi moja ya Kichina ndani ya duara, 中, maana yake "kati" na ndiyo herufi ya kwanza ya jina la nchi yao, na ina namba ya kampuni. Ya jeshi ina nyota.

Turudi kwenye kamera, maana hapa ndo watu wanapotea zaidi.

Wengi wakiona picha ya rangi ya 1944 wanadhani imepakwa rangi juzi kwenye kompyuta. Hapana. Filamu ya rangi ya Kodachrome kwa kamera ndogo za milimita 35 ilianza kuuzwa 1936, na Wamarekani wengi waliingia vitani na kamera kama Argus C3, kitu kizito cha pembe nne mpaka wenyewe wakakiita tofali. Rangi za Kodachrome zikikaa gizani zinadumu sana, ndo maana slaidi iliyolala kwenye boksi la viatu miaka 60 inatoka na bluu ya anga kama imepigwa jana, wakati picha za rangi za harusi za miaka ya 70 huku kwetu zimeshageuka zote nyekundu. Ila hiyo filamu ilikuwa na ubaya wake. Ilikuwa nzito mno kupokea mwanga, kipimo chake kilikuwa kama 10 tu, wakati simu yako ikiingia chumbani jioni inajipandisha yenyewe mpaka mia kadhaa au elfu na zaidi na wewe huna habari. Kipimo cha 10 maana yake unahitaji jua kali na mlango wa kamera ukae wazi muda mrefu kidogo, na kitu unachopiga kitulie. Kusafisha nako hukuweza kusafisha mwenyewe kambini, ilibidi iende kwenye maabara ya Kodak, kwa hiyo jamaa anapiga picha leo anaiona baada ya wiki nyingi au miezi.

Sasa unganisha hilo na kazi yenyewe. Ndege inatetemeka, kioo kimekwaruzika, mikono ina glavu, rubani ana usukani mkononi. Picha itakayotoka ni ya mlima ulioko mbali, siku ya jua, ndege ikiwa imetulia angani na kopiloti ameshika usukani. Au picha ya chini, uwanjani, watu wamesimama kimya. Dhoruba haipigwi. Usiku haupigwi. Barafu inayojenga kwenye bawa usiku wa saa nane huku injini moja inakohoa kwa sababu kabureta imeganda, hiyo haipigwi na mtu yeyote, na hata angekuwa na muda filamu isingeona kitu. Usiku mmoja mwanzoni mwa Januari 1945 kulikuwa na dhoruba ambayo waliokuwepo waliikumbuka mpaka uzeeni, upepo unazitupa ndege juu na chini futi maelfu na nyingine hazikufika, na kwenye albamu usiku ule haupo kabisa. Kuna jua tu, theluji nyeupe na anga ya bluu.

Ndo maana huwa nasema ukishika albamu ya rubani wa Hump jua kwamba umeshika siku zake nzuri. Na umeshika albamu ya aliyerudi. Aliyegonga mlima filamu yake iliungua naye, na kilichobaki kitandani kilipangwa na wenzake kwenye sanduku kikatumwa kwa mama yake. Hilo peke yake linabadilisha namna ya kuziangalia hizo sura zinazocheka.

Kitu kingine, siyo kila picha iliyomo kwenye albamu kapiga mwenye albamu. Wanajeshi walikuwa wanabadilishana picha, wananunua nakala kwenye studio za mjini, Calcutta hasa, na picha rasmi za jeshi nazo zilikuwa zinazunguka kambini. Ndo maana unakuta picha ileile ya tembo anasukuma pipa kwa kichwa kuingiza kwenye ndege ipo kwenye albamu za watu kumi tofauti, na familia zote kumi zinaamini babu yao ndiye aliyepiga. Namna ya kujua ni kugeuza nyuma. Nakala ya jeshi mara nyingi ina mhuri au namba, ya studio ina jina la studio, na ya mtu mwenyewe ina mwandiko wa penseli, mara nyingi bila jina la mahali kwa sababu ya udhibiti wa barua, kaandika tu mahali fulani India. Kama una negativu ndo bora zaidi, negativu haidanganyi, zikiwa kwenye mkanda mmoja unaona hata alianza kupiga nini na akamalizia nini siku hiyo. Ila za Assam nyingi zina madoa ya ukungu, ule unyevu ulikuwa unakula filamu na lenzi zote.

Ukishajua hayo ndo unaanza kusoma. Angalia pua ya ndege. Kama kioo cha mbele kimeinuka kidogo juu ya pua kama ngazi na propela ina mapanga matatu, hiyo ni C-47, ndugu wa DC-3, sisi tuliijua kwa jina la Dakota. Kama pua ni ya mviringo imenyooka moja kwa moja na kioo, mwili mnene, propela mapanga manne, hiyo ni C-46 ya Curtiss, ilibeba karibu mara mbili ya Dakota na ilipanda juu vizuri zaidi, ila ililetwa haraka kabla haijakomaa, mabomba ya petroli yanavuja, mvuke unajikusanya kwenye shina la bawa, cheche moja tu na imekwisha. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya C-46 mwaka 1943 anacheka, mimi huwa namwangalia mara mbili.

Angalia mgongo wa koti. Kuna kitambaa kimeshonwa, bendera ya China na maandishi chini yake, hayo yanawaambia wanakijiji kwamba huyu mgeni amekuja kusaidia vita, mwokoeni mumlinde. Hilo koti lilikuwa la mtu anayetegemea kuruka kwa mwavuli siku moja, na watu kama 1,200 hivi waliookolewa kwenye ile njia wengi wao waliokolewa kwa sababu wanakijiji wa milimani waliwalisha na kuwaongoza njia kwa miguu siku hata wiki kadhaa.

Angalia mzigo pia, hasa wa kurudi. Kwenda ni petroli, risasi, vipuri, kurudi ni bati, madini ya tungsteni, chai, na nywele ngumu za nguruwe za kutengenezea brashi, maana Marekani walikuwa wanazihitaji na China ndo ilikuwa chanzo kikubwa. Au walirudi na askari wa China wanaopelekwa mafunzo Ramgarh huko India, wamejazana sakafuni na nguo nyepesi kwenye ile baridi.

Na angalia uwanja wenyewe. Kuna picha ambazo karibu kila rubani aliyetua China alizipiga, mamia ya watu, wanaume kwa wanawake, wanavuta kwa kamba jiwe la mviringo kubwa kupita kimo cha mtu, wanashindilia barabara ya kurukia ndege. Kokoto zilizopo chini zimepondwa kwa nyundo za mkono, moja moja. Rubani anapiga kwa sababu anashangaa, hajawahi kuona kitu kama hicho kwao, lakini bila yeye kukusudia ametuachia ushahidi wa nani hasa aliyejenga ile njia ya anga. Mimi nikiiona hiyo picha nakumbuka jina la Kariakoo lilikotoka, ile Carrier Corps ya vita ya kwanza, wapagazi waliobeba vita nzima vichwani, wamebaki jina la soko na wengi wao hata kaburi halijulikani.

Picha moja nyingine lazima niitaje kwa sababu ndo ninayoipenda kuliko zote. Mei 1941 DC-3 ya CNAC ililipuliwa na Wajapani ikiwa chini huko Suifu, Sichuan, bawa moja likaharibika kabisa. Bawa la DC-3 la akiba halikuwepo, lililokuwepo lilikuwa la DC-2, ndege ya zamani zaidi, fupi kwa kama futi tano. Wakalifunga chini ya tumbo la DC-2 nyingine, wakaruka nalo kutoka Hong Kong mpaka Suifu, wakalipachika, na ile ndege ikaruka na mbawa mbili zisizolingana. Kazini wakawa wanaiita DC-2½. Ipo kwenye picha, na ukiitazama vizuri unaona kabisa upande mmoja mfupi. Hapo unaelewa hawa walikuwa watu wa aina gani, na unaanza kuelewa kilichofuata vita ilipoisha.

Ila kabla ya kufika huko nisimame kidogo Burma, kwa sababu hapo ndo hizi picha zinatugusa.

Marubani wa mizigo hawakuruka Hump tu. Upande wa kusini kidogo, ndege za RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, na za Wamarekani zilikuwa zinalisha jeshi la 14 la Uingereza chini ya Jenerali Slim msituni, na ndani ya jeshi hilo kulikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Keya, yaani King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Katikati ya 1944, mvua za monsuni zimeshika, wao ndo walisukuma Wajapani kushuka bonde la Kabaw, barabara ilikuwa uji mtupu, gari halipiti, hata nyumbu anazama, na Desemba wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Miezi yote hiyo chakula chao kilitoka juu. Mzee mmoja jirani yetu nilipokuwa mdogo alikuwa amepigana huko, yeye alisema Bama, wazee wote walisema Bama, na hakupenda kusimulia mapigano ila kuhusu ndege alikuwa anasimulia. Alisema ikisikika tu kila mtu anakaa nyuma ya mti, siyo kwa kuogopa bomu, kwa kuogopa mchele. Nilidhani ananifurahisha mtoto. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba magunia ya mchele mengi yalikuwa yanatupwa bila mwavuli, yanawekwa gunia ndani ya gunia lililolegea ili la ndani likipasuka la nje lishike, na gunia likitoka kwenye ndege inayokwenda kasi ile likikukuta umesimama limekuua. Vitu vya kuvunjika na risasi vilipewa miavuli, na hariri ilipokuwa haitoshi Slim na watu wake wakatengeneza miavuli ya nyuzi za juti, nyuzi zilezile za magunia, huko Calcutta, ilikuwa rahisi kama mara ishirini kuliko ya hariri.

Sasa picha za kudondosha mizigo zilizopigwa mlangoni mwa ndege zinafanana zote. Unaona mguu wa anayesukuma mzigo, unaona miti, unaona uwazi mdogo msituni una moshi wa kuonyesha mahali, na miavuli myeupe inashuka. Pembezoni mwa uwazi kuna vidoti. Rubani hana habari na hivyo vidoti, nyuma kaandika tarehe na tani basi. Lakini ikiwa ni Kabaw na ni mwaka 1944, vile vidoti ni baba zetu na babu zetu wamekaa nyuma ya miti wanasubiri mchele uache kuanguka, na mimi sijawahi kuiangalia picha ya namna hiyo haraka haraka.

Haya, vita ikaisha Agosti 1945. Kipindi hicho Hump ilikuwa imegeuka kitu kingine kabisa, Jenerali William Tunner aliyeishika kuanzia Septemba 1944 aliifanya iende kwa ratiba kama treni, ukaguzi wa ndege kwa hatua kama kiwandani, na marubani ambao zamani walikimbilia kumaliza masaa 650 haraka ili warudi nyumbani, wanaruka wamechoka mpaka wanagonga milima, akawawekea masaa 750 na pia lazima mtu akae mwaka mzima, kwa hiyo haraka haina faida. Ajali zikapungua huku mizigo inaongezeka. Tarehe 1 Agosti 1945 peke yake walivusha zaidi ya tani 5,000 kwa siku moja. Halafu ghafla, hakuna kazi.

Jeshi la anga la Marekani lilifundisha marubani zaidi ya 190,000 kwenye vita ile. Kampuni za ndege za kiraia hazikuwa na nafasi hata za sehemu ndogo yao, wengi wakarudi shambani, dukani, chuoni, hawakuruka tena. Hapa watu huwa wanadhani rubani wa ndege ya kivita ndo aliyepata kazi kirahisi kwa sababu ndo shujaa wa kwenye gazeti. Lakini mwenye kampuni ya ndege anatafuta mtu mwenye masaa elfu kadhaa kwenye injini mbili au nne, anayeweza kuruka ndani ya wingu kwa kusoma saa za mbele yake tu bila kuona nje, anayejua kupanga mzigo ili ndege isikae mkia chini, anayeheshimu hali ya hewa na kufika kwa muda. Huyo ni rubani wa mizigo. Vyeti vya jeshi havikuwa leseni ya kiraia moja kwa moja, ulikwenda kufanya mtihani wa kubadilisha, lakini masaa yake yalimsemea.

Na ndege zenyewe zilikuwepo. Dakota na ndugu zake zilitengenezwa zaidi ya elfu kumi, vita ikaisha zikapangwa kwenye viwanja zinauzwa bei ya mitumba. Yaani una marubani wanaojua njia, una ndege za bei poa, na una sehemu kubwa ya dunia ambayo reli zimevunjika, meli zimezama, watu wanataka kila kitu. Ndo hapo kampuni nyingi za ndege za Asia zilipozaliwa.

Chukua Roy Farrell, Mtexas aliyeruka Hump na CNAC. Vita ilipoisha akaenda Georgia akanunua C-47 iliyokuwa imepigwa bei na serikali, akaijaza nguo, miswaki na rangi za midomo, akairusha mpaka Shanghai na kufika mwanzoni mwa 1946. Ndege akaiita Betsy. Alijua kabisa Shanghai hawana nini kwa sababu alikuwa ameishi huko, ameona madukani, ameona watu wamevaa nini, na hapo ndo nakumbuka tena zile picha za masoko na mitaa zinazojaa kwenye albamu zao, jamaa walikuwa wanaangalia. Akaungana na Sydney de Kantzow, Mwaustralia, naye rubani wa CNAC wa Hump, wakawa wanaleta bidhaa za sufu kutoka Australia kwenda China. Shanghai ikawa ngumu, wakahamia Hong Kong, na tarehe 24 Septemba 1946 wakasajili kampuni, Cathay Pacific. Ndege mbili, Betsy na nyingine inaitwa Niki.

Miaka miwili ya kwanza haikuwa laini. Julai 1948 ndege yao ya kutua majini, Miss Macao, ilitekwa ikitoka Macau kwenda Hong Kong na watu waliotaka kuwaibia abiria, ikaanguka, watu 25 kati ya 26 wakafa, na huo ndo unahesabika kama utekaji wa kwanza wa ndege ya abiria ya biashara. Mwaka huohuo kampuni ya Butterfield & Swire ikaingia na kushika usukani. Farrell akauza akarudi Texas, akaishi mpaka 1996. De Kantzow, ambaye milima ya Burma haikumweza, alikufa kwa ajali ya gari 1957.

Moon Chin ni mwingine. Mchina aliyekulia Marekani, rubani wa CNAC, Mei 1942 alipakia watu zaidi ya 70 kwenye ndege iliyotengenezwa kwa abiria 21 akaondoka nao Myitkyina, kaskazini mwa Burma, Wajapani wakiwa karibu kuingia, na mmoja wa abiria alikuwa Jimmy Doolittle, afisa wa anga wa Marekani, anatoka kuipiga Tokyo kwa mabomu. Mwaka 1951 akaanzisha Foshing Airlines huko Taiwan, ambayo baadaye ikawa TransAsia. Robert Prescott, aliyehama kutoka ndege za kivita za Chennault, Mmarekani aliyeongoza marubani wa kujitolea kuitetea China, kuja kubeba mizigo CNAC, mwaka 1945 akaanzisha kampuni ya mizigo nchini Marekani ambayo ilikuja kuitwa Flying Tiger Line na ikawa kubwa duniani kwa mizigo ya anga. Chennault mwenyewe akaanzisha ya kwake China 1946, na hiyo mwaka 1950 ilinunuliwa kimyakimya na CIA, kwa hiyo kuna marubani waliokuwa na kitambulisho cha kiraia huku kazi haikuwa ya kiraia, tunarudi tena kwenye ule mchanganyiko wa mwanzo. Na Tunner, 1948 akaitwa kulisha Berlin kwa ndege Wasovieti walipofunga njia za kuingia mji huo, akaenda kufanya kilekile alichofanya Assam, kwa ratiba ileile kali.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa kipimo chetu. East African Airways ilianza Januari 1946, ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, ikaanza na Rapide, vindege vya mbao na turubai vyenye mbawa mbili juu na chini, baadaye zikaja Dakota, ndege ileile iliyodondosha mchele Kabaw sasa inabeba makarani, wafanyabiashara na magunia ya barua. Na milima haikuacha kuwa milima. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya shirika hilo ikitoka Dar kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, watu 20, hakupona hata mmoja.

Betsy, Cathay waliiuza 1955, ikahangaika huko Australia ikibeba mizigo na abiria wa vijijini, wakaja kuigundua na kuinunua tena 1983, ikaruka yenyewe kurudi Hong Kong, na tangu 1991 imening'inizwa kwenye dari la jumba la makumbusho ya sayansi pale Hong Kong. Ukisimama chini yake unaona mlango wa mizigo ubavuni, milango miwili mipana inayofunguka nje, huwezi kukosea. Ni mlango wa namna hiyohiyo, kwenye ndege za aina hiyohiyo, ambao jamaa walikuwa wanasimama na kamera wakipiga picha za chini, miti, moshi na vile vidoti.